Masharubu ya Mtu Aliyechoka

Jumapili, 3 Machi

Aibu kanisani. Mzee wa kanisa aliinama kuwasalimu wanangu, biskuti mkononi. Kigogo, miaka mitatu na nusu, akaichukua. Hakuomba, hakupora. Aliichukua tu, kama mtu anayepokea barua yake. Akammegea Tonge, mdogo wake wa miaka miwili, kipande cha kutafuta kwa tochi, iliyobaki akaila huku akimtazama mzee usoni. Mzee akabaki ameinama.

Mama watoto hakusema kitu njia nzima. Ni muuguzi, hata kimya chake hukitoa kwa kipimo. Tulipofika nyumbani akasema. Kwamba mafunzo ya dini hapa ndani ni zamu yangu tangu mwaka uanze. Kwamba watoto hawa wanajua kuhudumiwa, kuhudumu hawajui. Kwamba Jumamosi Shangazi yake atakuja kuwapima, na wakishindwa atahamia kwetu awafundishe mwenyewe. Atalala chumba kidogo.

Chumba kidogo! Chumba changu! Mimi ni msahihishaji wa chapa. Mezani nina kalenda ya mwaka ujao, natafuta makosa. Saa tisa alasiri jua hupenya pazia la manjano na chumba kizima huwa kama ndani ya yai. Kalamu hunitoka vidoleni yenyewe. Kochi hunipokea. Hapo ndipo ninapoishi. Kwingine nazunguka tu.

Shangazi alikuwa mlezi wa bweni la wasichana miaka thelathini. Kwa sasa anaishi kwa Shemeji, fundi bomba, kaka yake mama watoto. Shemeji amepiga simu alasiri hii kuuliza, kwa nia njema tu, kama kochi langu linakunjuka.

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa kadi nne na mwalimu wa shule ya Jumapili. Picha tupu, bila maneno. Mwanamke anampa msafiri maji. Yesu anamtawadha mwanafunzi miguu. Mtu anammegea mwenye njaa mkate. Mgonjwa anawekewa mto.

Nilizitazama sana. Wanaohudumiwa wote wamekaa vizuri.

Ndipo wazo likaja, polepole, kama unyoya unaotua. Watoto lazima wajifunzie kwa mtu. Kwa nini asiwe mtu aliye karibu, mwenye nafasi, ambaye tayari amelala? Kuhudumu watajua. Kochi litabaki langu. Na juu yake nitaletewa mto.

Nikachukua kalamu yangu nene ya kazini, wino wake haufutiki. Nikaomba radhi mbinguni, kwa ufupi. Kila anayehudumiwa nikamchorea masharubu kama yangu, ncha zikielekea chini.

Kigogo aliishika kadi ya kwanza kwa muda mrefu. Akauliza huyu nani. Nikamjibu ni mtu aliyechoka. Akasema ni Baba. Nikasema, ajabu, kweli wanafanana! Akauliza mbona Baba amechoka kwenye kadi zote. Nikamwambia ndivyo maisha yalivyo.

Kabla ya saa kumi nimeletewa maji kwenye kikombe cha mswaki. Matone matatu. Nimeyanywa kwa heshima.

Jumanne, 5 Machi

Ushindi! Mto umeletwa. Ndara zimeletwa, zote mbili za kushoto, lakini zimeletwa. Tonge amenipepea kwa kadi ya mkate hadi mkono ukamlegea. Kigogo amesimama mlangoni kama askari, anawaambia nzi kwamba Baba amechoka.

Jua liliingia wakati wake. Vumbi likaelea juu ya meza, kila chembe na haraka yake ndogo. Niliona miezi ya mwaka ujao ikitoka kwenye karatasi na kupanga foleni, Januari mbele akiwa na kofia, na kila mwezi ulipofika kwangu uliniuliza kama una kosa. Nikawaambia wote wapite. Sijawahi kulala vile.

Mama watoto aliporudi kutoka zamu akaniuliza tumefikia wapi. Nikamwambia watoto wana kipaji. Akanitazama nywele, zilikuwa zimesimama upande mmoja. Akasema anaona.

Jumatano, 6 Machi

Leo somo la kutawadha miguu. Nililieleza kwa maneno machache kwa sababu saa tisa ilikuwa imekaribia.

Niliota navuka ziwa. Jeupe, vuguvugu, halina kina. Maji yalifika kwenye vifundo tu. Upande wa pili kulikuwa na watu wananisubiri bila kunihitaji kwa lolote. Nilitembea bila haraka. Ziwa likaanza kunata.

Nilipoamka miguu yangu ilikuwa ndani ya sufuria kubwa. Maziwa. Maziwa yote ya juma zima. Tonge ananisugua kisigino kwa brashi ya viatu. Kigogo alieleza kwamba bomba liko juu sana, hawalifikii, ila mlango wa friji wanaufikia.

Sikuweza kuwakemea. Huduma ni huduma. Nilimwambia mama watoto kwamba maziwa yameharibika. Si uongo.

Alhamisi, 7 Machi

Hali imebadilika kidogo. Naandika bila hofu.

Asubuhi alikuja mjumbe wa kiwanda cha uchapaji kuchukua kurasa za Machi hadi Juni. Ni mtu wa masharubu mazito. Watoto walipomwona walipiga kelele za furaha. Alivutwa na kukalishwa. Aliletewa maji, kutoka ndoo niliyowawekea bafuni baada ya yale maziwa. Alimwagiwa mengine miguuni, viatu vikiwa vimevaliwa. Alipewa mkate, na ulikuwa wa chakula changu cha mchana. Mjumbe akaniambia kwamba kazi hii ameifanya miaka tisa na hakuna mlango uliowahi kumuuliza kama amechoka. Akaula mkate wote. Akasahau kurasa.

Saa kumi mama watoto aliingia kutoka hospitali, kasimama tangu alfajiri. Akakaa. Akavua viatu na kuuliza nani atamletea mama ndara zake.

Watoto wakamkaribia. Wakamkagua uso. Kigogo akainama kidogo aone vizuri chini ya pua. Kisha wakaondoka, wakaenda kucheza.

Mama watoto akaniita. Akauliza hivi hawa wamefundishwa nini. Nikamwambia ni hatua ya ukuaji, huja na kupita. Akasema yeye amesomea ukuaji wa mtoto miezi minane na hatua hiyo haikuwemo.

Akafuata ndara mwenyewe. Alitembea kwa kuchechemea, mguu wa kushoto. Nilikusudia kuinuka.

Ijumaa, 8 Machi

Shangazi kesho! Hana masharubu. Nimelifikiria hili tangu nilipoamka na halina njia nyingine ya kulitazama.

Shemeji alipita kuleta salamu, ana masharubu membamba yule, akatawadhwa mara mbili. Akacheka hadi akakohoa. Akasema, "Shem, watoto wako ni malaika, lakini bibi yao atawapitia kama kifutio ubaoni." Akasema mizigo ya Shangazi iko tayari kwenye buti la gari, asije akahangaika kurudi kuifuata. Akaenda chumba kidogo na kupima kochi kwa futi ya kazini.

Nikawaita watoto. Nikabadili somo. Niliwaambia kwamba mtu yeyote anaweza kuchoka. Mwenye masharubu na asiye nayo. Mama anachoka. Bibi anayekuja kesho amechoka sana, ametoka mbali.

Kigogo alifikiri. Akauliza, kama Bibi amechoka, masharubu yake yako wapi. Nikasema hana. Akauliza sasa atajulikanaje. Nilikuwa katikati ya Novemba, kuna Jumatano mbili zinafuatana, kosa baya. Nikamwambia tutamsaidia tu.

Akaitikia kwa kichwa. Akatoka taratibu, akiwa amemshika Tonge mkono. Nadhani ameelewa. Pazia lilikuwa limeanza kuwa la dhahabu.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nane na nusu Shangazi akafika. Mrefu, koti la kijivu, mkoba umebanwa kwapani. Shemeji nyuma yake na masanduku mawili. Nikasema masanduku yabaki nje kwanza. Shemeji akayaweka juu ya kizingiti, nusu ndani.

Shangazi akaketi kwenye kochi langu na kuwaita watoto mbele. Akamuuliza Kigogo tunampaje mgeni kitu, kwa mkono upi, kwa neno gani. Kigogo akasogea karibu. Alikuwa anamtazama mdomo wa juu. Akamuuliza Tonge. Tonge akapuliza povu la mate. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, hapa kuna kazi." Akasema apumzishe macho dakika tano, halafu ataanza upya. Ilikuwa saa tisa kamili. Mimi ningemwonya. Chumba kile hakichagui mtu.

Sisi watu wazima tukaenda jikoni. Mama watoto akachemsha chai. Shemeji akaeleza faida za kuishi na mtu mzima ndani ya nyumba, akazitaja nyingi. Kimya kilikuwa kizuri. Hatukukishuku mapema.

Tulipoingia, jua lilikuwa limejaa hadi darini. Shangazi amelala, mto chini ya kichwa. Miguu ndani ya beseni, maji safi. Beseni limejazwa kwa kikombe cha mswaki kutoka ndoo ya bafuni, safari nyingi, sakafu nzima inaonyesha njia. Kipande cha mkate juu ya kifua. Tonge anapepea. Kigogo amepiga magoti, anampangusa kidole kimoja kimoja kwa shati langu la kanisani. Na chini ya pua ya Shangazi, masharubu. Meusi, mazito, ncha zikielekea chini. Kwa kweli yamechorwa vizuri kuliko yangu.

Kalamu nene ilikuwa sakafuni, bila kifuniko.

Shangazi akafumbua macho bila kujua lolote. Akatazama miguu yake. Akasema alilea wasichana wa watu miaka thelathini, mia na ishirini kila mwaka, na hakumbuki lini mtu alimshika mguu. Akavuta kamasi mara moja. Akauliza mbona sisi tumesimama kama nguzo.

Shemeji alitoka nje. Tulimsikia akicheka, kisha tukamsikia amekaa chini.

Mama watoto hakucheka. Aliinama akaokota kadi aliyokuwa akipepea Tonge. Akaokota nyingine tatu. Akazitazama kadi, akamtazama Shangazi, akanitazama mimi. Kisha akamuuliza Kigogo kwa upole kwa nini Mama hakuletewa ndara. Kigogo akasema kalamu ilikuwa mezani kwa Baba, juu, na Mama alikuwa na haraka.

Nilisema maelezo yapo. Hakuna aliyeyaomba.

Shangazi akapewa kioo. Alijitazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyotarajia. Akazipokea kadi, akazipitia moja moja. Akasema watoto wamefaulu. Hajawahi kuona wanafunzi wanaoshika somo namna hii. Akasema watoto hawana haja naye kabisa. Nikashusha pumzi. Akasema anayehitaji mafunzo ni baba yao, na kwa hali aliyomkuta nayo, mwaka hautatosha.

Masanduku yakaingia nusu iliyobaki. Shemeji akaondoka kwa gari bila kuaga. Hata chai hakunywa.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nikiwa ukumbini, kwenye kigoda, kati ya mlango wa bafu na rafu ya viatu. Hapa hakuna dirisha.

Wino haujatoka. Shangazi alikataa mtandio. Akaenda kanisani hivyo hivyo, kichwa juu. Nasikia hakuna aliyethubutu kuuliza. Mimi nilibaki kwa sababu ya ratiba. Ameiandika mwenyewe, imebandikwa mlangoni. Asubuhi: Baba anaosha vyombo. Mchana: Baba anampelekea mama watoto maji ya miguu. Alasiri: Baba anasema alichojifunza.

Kigogo alikuja mara moja. Hakuitwa. Akanifunika magoti kwa blanketi lake, lile asilompa hata Tonge, akakaa sakafuni na kuegemea mguu wangu. Ilibidi nimwombe asogee. Alikuwa ananizibia mwanga wa taa, nami nilikuwa katikati ya hesabu.

Kwa sababu nimeona lilipokuwa tatizo. Nilichagua somo lisilofaa. Kuhudumu ni jambo la kelele, lina maji, lina mikate. Lakini iko siku ambayo Muumba mwenyewe alipumzika, imeandikwa, na Shangazi ni mtu wa maandiko, hawezi kulipinga neno. Nyumba nzima ikijifunza kupumzika vizuri, kila mtu kitandani kwake, milango imefungwa, Shangazi akihamishiwa chumba cha watoto kwa sababu za kiroho, nani atabaki kwenye kochi?

Nimekata kadi saba kutoka kwenye jalada la kalenda. Ya siku ya saba nimeshaichora, na rangi nimetia. Zile sita za mwanzo sina haraka nazo.