Pampu ya Zahanati na Wadau Wake Kumi na Wawili

Ndugu Mratibu,
Mradi wa Afya kwa Mfumo Mzima.

Shikamoo. Kama umri wako ni mdogo kuliko wangu, basi nirudishie, nitaipokea.

Nakuandikia kutoka Mwanzugilo, mbele kidogo ya Ushirombo, kwanza kabisa kukupongeza. Tangu ulipotufundisha kwamba afya si kazi ya zahanati peke yake, bali pia ya maji, shule, mifugo, machimbo, kanisa na msikiti, tumepona kabisa ugonjwa wa kumlaumu mtu mmoja. Nati ya mpini wa pampu ya zahanati ililegea mahindi yakiwa magotini. Sasa tumeshayavuna, maji hayatoki, na kati ya wadau kumi na wawili hakuna hata mmoja mwenye kosa. Nina malalamiko machache tu.

1. Zamani kitu kikiharibika tulimwendea Selestine, fundi baiskeli. Siku hizi anajibu kwamba naye ni mdau, na mdau hafanyi kazi peke yake, anashirikishwa. Ameshashirikishwa mara nne. Kwenye picha anapendeza sana.

2. Bwana maji alisema nati ni ya kwake, ila pampu imesimama kwenye uwanja wa afya. Bwana afya akasema uwanja ni wake, ila tope linaloizunguka pampu limeletwa na ng'ombe. Bwana mifugo akaja siku hiyo hiyo, akachanja ng'ombe. Tunamshukuru, maana sasa wana afya kutuzidi.

3. Mwezi uliopita ndama wa Mabula alipotea. Ukapigwa mwano, lile yowe letu Wasukuma la kuitana kwenye shida, na kabla uji haujachemka wanaume wote walikuwa wameshakusanyika na fimbo zao. Nikauliza kikaoni, kwa adabu, kama pampu nayo isingeweza kupigiwa mwano. Nikaelezwa kwamba mwano hauna hadidu za rejea. Niliona aibu kwa ujinga wangu.

4. Maji tunachota kwenye shimo lililoachwa na wachimbaji, chini ya mwalo wanapooshea mawe ya dhahabu kwa zebaki. Rhoda, muuguzi wetu, anatukataza kuyanywa. Kisha anatuagiza kila mjamzito aje kujifungua na ndoo mbili za maji safi. Yote mawili huyasema bila kupepesa macho, na ni mwanamke mwema kweli.

5. Hapa ndipo roho inaponiuma. Binti yangu Dorika ana mimba ya miezi tisa. Mtoto wake wa kwanza tulimzika akiwa na siku sita, na Rhoda alisema ni uchafu wa maji. Hapa sitanii. Kwa hiyo naomba rasmi: ama huyu aliye tumboni aandikiwe barua ya kumtaka asubiri kikao cha robo mwaka, ama asajiliwe kuwa mdau wa kumi na tatu. Ikishindikana, naomba kuhara kupewe uenyekiti. Ndiko peke yake kunakofika kila kaya, hakubagui idara na hakujawahi kuahirisha.

Mfumo usife, Ndugu Mratibu. Udumu hata sisi tukiisha.

Wasalimie wote ofisini, dereva, na yule dada anayetugawia maji ya chupa vikaoni. Huku mume wangu Otmar anakusalimu, Rhoda anakusalimu, na ng'ombe, kwa vile wanajisikia vizuri, nao wanakusalimu.

Wako katika kushirikishwa,
Scolastika (Mama Dorika)

Nyongeza: Dorika ameshikwa na uchungu nikiwa nakunja barua hii, hivyo lililobaki niliseme. Spana ya pampu ilikuwa chini ya kitanda changu, kwenye nailoni yake, haijafunguliwa. Nilikabidhiwa mimi, kama katibu wa kamati ya wadau, kwa sharti kwamba nisimpe mtu bila barua ya maombi ya kamati. Sikuisahau, niliilinda. Barua za kamati huandikwa na mimi. Otmar ameshatoka na spana mbio kwa Selestine, na mimi namtembeza mwanangu kwenda kwa Rhoda na ndoo mbili tupu.