Mbiringanya wa Kurugenzi

Kurugenzi ya Uratibu wa Waratibu inayo furaha kuutangazia umma kwamba, kwa mara ya kwanza katika historia ya utumishi, imeajiri wadudu. Wadudu wenyewe hasa, wenye miguu sita, si lile neno mnalotuitia sisi mkiwa kwenye foleni mkidhani hatusikii. Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Ulinzi Shirikishi wa Mimea ya Ndani, na yote yaliyofanyika yalifanyika mbele ya macho yangu, isipokuwa nilipokuwa kwenye semina.

Chanzo ni mwaridi. Mwaridi huo unakaa kwenye chungu, dirishani kwa Mkurugenzi, na ndio kitu pekee ambacho Kurugenzi yetu imewahi kukipanda kikaota. Mwaka huu ukavamiwa na vidukari, vile vidudu vya kijani vinavyoganda kwenye machipukizi na kunyonya utomvu mpaka majani yanajikunja. Tukapuliza dawa. Vidukari wakanawiri. Mkurugenzi akapiga chafya mpaka miwani ikatumbukia kwenye chai. Tukiwa bado tunaiopoa, ikaja taarifa kwamba Katibu Mkuu wa Wizara anakuja kutukagua, na kurugenzi itakayoshindwa kumwonyesha hata kitu kimoja kinachostawi itafutwa.

Hapo mimi nilishikwa pabaya. Mkurugenzi alikuwa ameniahidi unaibu, nami kwa kiherehere changu nilishamwambia mama mkwe kwamba nimeupata. Mama mkwe wangu hajui kunong'ona. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa unaniita Naibu, mwenye duka akaanza kunifutia kiti, na mke wangu akanikataza kubeba ndoo hadharani. Sasa Kurugenzi ikifutwa, uso wangu ningeuficha wapi? Nililala nikiwaza vidukari, nikaamka nikiwaza vidukari.

Kwa bahati Mkurugenzi alikuwa amesoma kitabu. Hilo lenyewe lilitushtua, lakini alikisoma kweli. Kitabu kilisema mimea ya ndani inalindwa bila dawa: unaipanga jirani na mimea ambayo harufu yake wadudu hawaipendi, kisha unaleta wadudu wengine, walaji, ili wawale hao wasumbufu.

"Yaani huu ni uratibu mtupu!" akapiga meza. "Hii ndiyo kazi yetu!"

Tukaanza na majirani. Tuliagiza kitunguu saumu, mnanaa na mrehani, kila mmoja na chungu chake. Papo hapo likazuka suala la itifaki. Kitunguu saumu kinatakiwa kikae ubavuni kabisa mwa mwaridi, lakini mwaridi ni wa ofisi kuu na kitunguu ni cha jikoni. Kamati ikakaa, ikala, ikakaa tena. Ikaamuliwa kwamba kitunguu kitakaimu nafasi hiyo bila kuthibitishwa. Mnanaa tuliupangia kituo karibu na birika, ambako ulitumikia kwa moyo mkunjufu mpaka ukaisha wote kwenye chai.

Kazi ya kutafuta wadudu walinzi alipewa Dereva wetu, kwa kuwa gari lilikuwa juu ya mawe na yeye hakuwa na la kufanya. Alikwenda kwenye bustani za mboga akarudi na chupa mbili. Moja ilijaa mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi. Ya pili ilikuwa na vunjajungu wawili, jike mnene na dume mwembamba.

"Bosi, niwamwage?" akaniuliza.

"Bila hotuba?" nikamshangaa. "Hawa ni watumishi wapya!"

"Wana njaa hawa, bosi. Waachie wapige mzigo."

"Wewe endesha gari."

"Gari lipi?"

Mfuniko ulifunguliwa kwa heshima zote na Mkurugenzi akaanza kuwakaribisha. Akawaeleza dira, akawaeleza dhima, akawaonya kwamba hakuna kidukari atakayeliwa bila kibali cha maandishi. Mbawakawa walivumilia mpaka kwenye kipengele cha nidhamu, kisha wengi wao wakatoka dirishani. Nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba wako nje kikazi.

Vunjajungu hawakuondoka. Kwa jinsi walivyokunja mikono na kutuangalia bila kufanya chochote, wajumbe wote tulikubaliana kwamba hao ni viongozi. Jike akawa Mwenyekiti wa walinzi, dume akawa Makamu. Kesho yake asubuhi Mwenyekiti alikuwa palepale juu ya jani, ametulia, na Makamu amebaki mabawa.

"Kha! Kamla!" Dereva akaruka.

"Hajamla," Mkurugenzi akamsahihisha. "Ameunganisha vyeo." Kisha akageuka akaniangalia mimi, naibu wake mtarajiwa, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Kusema kweli mambo yalikuwa yameanza kuwa mabaya. Mwaridi ulikuwa umebaki vijiti na vidukari. Nyumbani mama mkwe alikuwa ameshaniletea kitambaa cha suti ya unaibu, na fundi ameshanipima. Ndipo Mkurugenzi alipofika kwenye sura ya mwisho ya kile kitabu, inayohusu mmea chambo.

Mmea chambo ni rahisi. Mdudu humfukuzi, unamwalika kwingine. Unachukua mmea anaoupenda zaidi, unauweka pembeni kwenye kivuli, unaumwagilia vizuri, na humsumbui. Sisi tukaweka mbiringanya kwenye kona, nyuma ya kabati la mafaili. Wallahi, vidukari walihama kama watu waliosikia kuna posho! Wachache waliobaki kwenye mwaridi walimalizwa na mbawakawa waliokuwa wamejificha chini ya pazia wakati wa hotuba. Mbiringanya ulipojaa mpaka shina halionekani, Mkurugenzi akatoa waraka, kwa mhuri na saini yake: *Mmea chambo ukishakusanya wasumbufu wote, ung'olewe pamoja na kila kilichomo, uchomwe nyuma ya stoo.* Yeye akatia saini, Dereva akatia kiberiti.

Katibu Mkuu alipofika, mwaridi ulikuwa umechanua. Ni mama mmoja wa maneno machache, na tulikuwa tumeambiwa kwamba wizara imemshinda: kila anapotaka jambo liende, linakwama kwa mkubwa fulani, na mkubwa huyo hafukuziki kwa sababu kila dawa aliyopuliziwa amenenepa nayo. Aliuangalia mwaridi, akapita, akasimama kwenye ile kona tupu.

"Hapa palikuwa na nini?"

Nikamweleza. Niseme tu ukweli, niling'ara. Hata Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kwa hiyo walihamia wenyewe?" akauliza.

"Wenyewe, Mheshimiwa! Unawawekea kitamu tu."

"Kitamu gani?"

"Majani laini, kivuli, na kutosumbuliwa."

"Na kule walikotoka?"

"Kule kunachanua, Mheshimiwa."

Halafu akaomba nakala ya waraka. Mkurugenzi alimpa mbili.

Hatukufutwa. Tulipandishwa hadhi! Jengo likapakwa rangi, tukaletewa viti vya kuzunguka, mapazia mazito na chai ya kutwa. Kisha wizara nzima ikatangaziwa nafasi za unaibu kwetu, zisizo na majukumu ili kutomchosha mtu. Mimi nikawa wa kwanza kuthibitishwa. Nikavaa suti. Nikabeba ndoo yangu ya mwisho, gizani, kwa kumbukumbu tu.

Wenzangu nao wakaanza kuwasili. Akaja mkuu wa vibali ambaye hutia saini akijisikia. Akaja msimamizi wa masjala aliyepoteza mafaili ya kitongoji kizima akawasingizia panya. Akaja mzee Njoo Kesho, aliyebatizwa jina hilo na wananchi kwa mapenzi. Hakuna aliyelazimishwa. Walikuja wakisukumana mlangoni, kila mmoja na mto wake wa kiti. Tulikuwa manaibu wengi mpaka wengine wakawa wanakaa kwenye ngazi, lakini furaha ilikuwepo, na hakuna aliyetusumbua kwa kazi.

Dereva peke yake alihamishiwa kwingine. Nikampa pole.

"Nimepoa, bosi," akasema. "Ila makao makuu wamechukua funguo za stoo. Sijui wana shida gani nayo."

"Watakuwa wanatupanulia," nikamwambia.

Leo asubuhi mama mkwe akapiga simu. Nikapokea nikiwa nimezungusha kiti kuelekea dirishani, kama inavyompasa naibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba! Asante sana, Mungu akuzidishie! Nimepata hati ya kiwanja!"

Hati hiyo mama mkwe alikuwa akiifuatilia tangu mke wangu akiwa darasa la kwanza.

"Nimekwenda wizarani saa mbili," akaendelea, "saa tatu nimeishika mkononi. Wale wanaume waliokuwa wakinizungusha hata sikuwaona. Vijana wananiambia, kaa mama, kunywa maji. Foleni inatembea! Nikajua tu, hii ni kazi ya mkwe wangu."

"Ni uratibu, mama," nikasema kwa unyenyekevu.

"Na hao waliokuwepo wamepelekwa wapi?"

"Wako kwangu huku. Wote! Tumewawekea viti laini, kivuli, hawasumbuliwi."

Mama mkwe akashusha sauti, jambo ambalo si kawaida yake.

"Baba," akasema polepole, "ule mbiringanya wenu ulionisimulia. Ulipojaa wale wadudu, mliufanyaje?"

Nilifungua mdomo kumjibu kwa fahari, na hapo hapo mlango ukafunguliwa. Mkurugenzi alisimama na karatasi mkononi. Akaniwekea mezani. Ilisema kwamba kuanzia Ijumaa Kurugenzi ya Uratibu wa Waratibu inaondolewa kwenye utumishi pamoja na kila aliyemo, kwa mujibu wa waraka wa Kurugenzi yenyewe, ambao nakala yake imeambatanishwa.

"Katibu," akaninong'oneza, akiwa amesahau kwamba mimi ni Naibu, "hebu angalia hapa chini. Hii saini ni yangu?"

Nikaiangalia. Nikaugeuza waraka upande wa mwanga, kwa sababu kazi ni kazi.

"Ni yako, Mheshimiwa. Hata mhuri ni wetu."

Nyuma ya stoo, vijana wa makao makuu walikuwa wamekunja mikono ya mashati wanafyeka majani. Mzee Njoo Kesho alikuwa akiwaangalia kutoka kwenye ngazi, huku anakunywa chai.

"Haloo?" mama mkwe akaita simuni. "Naibu? Bado upo?"

"Nipo, mama," nikasema. "Mpaka Ijumaa."