Hisa Moja na Firigisi

Jumapili, 8 Machi 2026

Tumerudi Migosi kutoka kwa wakwe, Katito. Baba mkwe, Mzee Oluoch, amempa Fabian firigisi ya kuku tena, kipande cha mkwe wa heshima. Mimi nimepata shingo. Kila mara shingo! Eti kwa sababu Fabian, aliyemwoa dada wa mke wangu Seline, ana trekta ya kubeba miwa kule Muhoroni, na mimi natengeneza simu za watu. Mzee huniita yule wa simu. Inauma. Lakini nasikia siku hizi mtu anaweza kununua hata hisa moja. Nina mpango.

Jumatatu, 9 Machi

Nimenunua hisa moja ya kampuni ya dhahabu, kabla ya chai. Seline ameuliza italeta omena ngapi mezani. Nimemwambia mwekezaji hali hisa zake. Nimempigia Mzee kumjulisha kwamba mimi ni mmoja wa wenye kampuni ya dhahabu, jambo ambalo ni kweli tupu. Papo hapo akaniita Bwana Zadock. Bwana! Nimefunga kibanda changu cha simu mapema.

Alhamisi, 12 Machi

Hisa imepanda senti kadhaa. Nimetembea mtaani polepole, kitajiri. Mzee amepiga simu kuuliza kampuni yangu inapenda udongo wa rangi gani. Sikuwa na hakika, nikasema mwekundu. Alishukuru sana. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 14 Machi

Sasa najua. Mama mkwe amepiga simu akilia kwamba Mzee amechimba shamba lote la mahindi na choo kimeanza kuinama. Hisa nayo imeshuka. Seline anaongea na paka tu.

Jumapili, 15 Machi

Katito. Firigisi imeletwa kwangu, kwenye sahani yake peke yake. Fabian ameikodolea macho, shingo mkononi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Kisha Mzee akaburuta gunia la mawe hadi mbele yangu na kuuliza, “Bwana Zadock, lori ya kampuni iko wapi?” Fabian akakwaruza jiwe kwa kisu, akasema haya ni mawe ya kutengeneza barabara. Ikabidi niseme nina hisa moja tu. Mzee akataka kuiona. Nikasema iko kwa simu, ila bando ya intaneti imeisha. Fabian akaniwashia hotspot, mshenzi yule. Mzee alitazama skrini, akanipa jembe. Nimefukia mashimo hadi jioni nikiwa na suti. Lakini firigisi nilikuwa nimeshaimeza.

Jumatatu, 16 Machi

Mgongo umekufa. Seline ameniamuru niuze hisa ile, nami nimeuza, kwa hasara kidogo. Amefurahi, hata chai imekuwa na maziwa.

Kosa langu nimeliona. Ni dhahabu. Dhahabu huwafanya watu wachimbe. Kwa hiyo nimenunua hisa moja ya benki.

Mzee hakutaka kushika simu yangu mwanzoni. Nilipomweleza kwamba sasa mimi ni mmoja wa wenye benki, aliniita Bwana tena. Kisha akauliza, kwa upole, kama wazee wenzake wa kanisani wanaweza kuja kwangu kwa mikopo. Nimesema waje wote. Kuku ni Jumapili.