Pua Isiyo na Namba

Jumatatu, 14 Septemba 1998

Limefika! Gari langu. Jekundu, limelala chini kama ng'ombe anayecheua. Nimelileta mwenyewe kutoka Malindi, nikiyapita mashimo ya mafuriko moja moja, kwa adabu. Saa saba nzima njiani. Garsen nzima imetoka kutazama. Hata mbuzi.

Bucha mmoja wa Malindi alilipata kwa Mtaliano aliyehama. Yeye hana kazi nalo, anasema halibebi hata paja la ng'ombe. Nikampa madume yangu matatu, hao hao waliosalia baada ya mvua na ugonjwa. Mke wangu Abdia ameniuliza mara mbili kama nimesema matatu. Nikasema matatu. Akaingia jikoni. Sufuria zilisikika mpaka msikitini.

Haelewi. Au anaelewa sana, sijui. Jumapili binti yetu Darmi, wa pekee, anaolewa Minjila. Alipokuwa na miaka sita nilimwahidi kwamba siku yake ataondoka ndani ya gari dogo, ameketi na baba yake, si nyuma ya pikapu ya kukodi ya Swaleh pamoja na magodoro. Wakati huo nilikuwa na ng'ombe themanini. Ng'ombe wamekwenda, ahadi imebaki. Mtu akikosa ng'ombe, halafu akakosa na neno lake, atajiita nani?

Watu wakataka kuona injini. Nikafungua boneti. Hamna injini! Jasho likanitoka. Nikamlaani bucha na ukoo wake wote. Fundi wa gereji akanishika mkono, akanizungusha, akanionyesha: injini iko nyuma. Mbele ni buti. Nikamtaka radhi bucha, kimoyomoyo.

Ndani ya buti kuna kibao cha namba cha mbele, kizima, kimefungwa kwa gazeti la Kitaliano. Hapo ndipo ilipo shida. Koplo Mwaringa wa polisi alinisimamisha kwenye kizuizi cha njia ya Minjila. Akazunguka gari mara tatu. Nyuma namba iko, mbele haiko. Akasema sheria ni mbele na nyuma, na kwamba Jumapili atakuwa zamu hapo hapo, na bila namba ya mbele gari halipiti hata likibeba bibi harusi. Kisha akanipongeza kwa harusi, kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.

Pua ya gari ni laini, haina pa kufungia kitu. Na bucha aliniapisha nisiitoboe. Mtaliano alimwambia pua ikitobolewa gari limekufa. Nimeapa. Siitoboi.

Jumanne, 15 Septemba

Rahisi! Nimekiweka kibao ndani, juu ya dashibodi, kikiegemea kioo cha mbele. Nikaenda kizuizini nikipiga mluzi.

Koplo akainama, akainuka, akapanda juu ya jiwe. Kioo cha gari hili kimelala mno, na kibao kikalala nacho. Akasema kunguru akipita juu ataisoma namba bila shida, lakini yeye si kunguru. Kibao kikae nje, mbele, kisimame wima, kisomeke.

Swaleh alikuwa nyuma yangu na pikapu yake, akisubiri. Huyu ni mtu wa Kipini, maneno yake yana sukari mpaka meno yanauma. Akasema Gollo ndugu yangu, gari lako zuri mno, lafaa kutiwa kabatini. Pikapu yake ina namba mbili, mbele na nyuma, amezipaka mafuta zinang'aa. Nani anapaka namba mafuta? Mtu asiye na kazi.

Jumatano, 16 Septemba

Kamba! Kwa nini sikufikiria kamba? Ng'ombe anavaa kengele shingoni, hatobolewi. Nimekifunga kibao kwa kamba ya katani, nikaipitisha chini ya mwili wote wa gari, nikafunga fundo la kufungia ndama. Fundo ambalo halijanifungukia maisha yangu yote.

Halikufunguka. Kamba ilikatika. Gari liko chini mno, tuta la kwanza tu likaisaga. Kibao kikaingia chini ya gurudumu, kikatoka kimejikunja kama chapati.

Abdia akakichukua, akakiweka juu ya kinu, akakigonga kwa mchi mpaka kikanyooka. Aligonga muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Alipomaliza akaniambia, Baba Darmi, mpe Swaleh hiyo kazi, mtoto afike salama. Nikamwambia sikuuza madume matatu ili Swaleh abebe mwanangu. Akasema hilo la madume angependa tulinyamazie mpaka harusi ipite.

Alhamisi, 17 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianze na asubuhi, nilipokuwa bado mtu mwenye akili.

Niliamka na wazo. Kibao kinaanguka, kamba inakatika. Lakini chapa? Ng'ombe wetu akiibwa akapelekwa mpaka Bura, akalishwa, akanenepeshwa, chapa ya ukoo bado iko pale pale kwenye paja. Nani amewahi kuona chapa imeanguka njiani? Basi namba ipigwe chapa juu ya pua yenyewe. Na niliapa kutotoboa. Kuchoma si kutoboa!

Nikaenda kwa mhunzi Hiribae, akanikunjia herufi na tarakimu kutoka vipande vya nondo. Kisha nikamwita Mzee Duba, mpiga chapa wetu. Tangu ujana wake hakuna ng'ombe wa ukoo aliyepita bila mkono wake. Mzee akaja na fimbo yake, akalitazama gari kwa heshima, akauliza ni dume au jike. Nikasema gari. Akauliza tumlaze upande gani. Nikasema limeshalala. Akasema nimshikie kichwa hata hivyo, maana hajawahi kumpiga chapa mnyama asiyeshikwa. Nikashika taa.

Moto ukawaka. Chuma kikawa chekundu kuliko gari. Mzee akasoma bismillahi, akakandamiza herufi ya kwanza.

Lo! Moshi mweusi! Harufu ya kandambili mia zinazoungua! Na chuma hakikusimama, kiliendelea kwenda. Mzee Duba alikaribia kukifuata ndani. Tulipokivuta, pua ya gari langu ilikuwa na shimo la ukubwa wa ngumi, na kingo zake zinadondoka.

Si chuma. Pua yote ni faiba! Madume matatu kwa ndoo kubwa ya plastiki!

Mzee Duba alikaa chini. Akasema katika maisha yake yote hajakutana na mnyama asiye na mfupa wa uso, na kwamba kwa hili hachukui chochote, hata chai. Watu wakacheka mpaka wengine wakaketi mchangani. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikalia. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Nililia. Sikulilia gari. Nilimwona Darmi wa miaka sita, amekaa juu ya goti langu, ananiuliza gari litakuwa la rangi gani.

Ijumaa, 18 Septemba

Sikutoka kitandani ila kwa swala. Huko msikitini kila aliyenipa mkono alinusa kwanza.

Swaleh akaja nyumbani. Hakucheka. Akasema Jumapili pikapu yake iko tayari, hataki kitu, naye Darmi ni mwanawe pia. Nilimjibu vibaya. Mtu akikutendea wema siku mbaya namna hii, utamjibuje?

Baadaye Darmi akaingia. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema yeye hajali gari, hata kwa miguu atakwenda. Anachotaka ni mimi niwe pembeni yake, kwa sababu anaogopa. Sikujua anaogopa. Wiki nzima nimehangaika na pua, sikumuuliza mtoto hata mara moja kama anaogopa.

Nikageukia ukuta. Yeye akatoka. Kidogo nikasikia nyundo.

Nilipochungulia dirishani, Darmi, mikono imejaa hina, alikuwa anamwelekeza fundi wa gereji. Ubao ndani ya buti, kibao cha namba nje, skrubu mbili ndefu zikipita katikati ya lile shimo. Kibao kikaliziba shimo lote. Kikakaa wima kama askari.

Wazo langu, kwa kweli. Shimo ni la nani?

Jumamosi, 19 Septemba

Koplo Mwaringa amekuja kwa baiskeli, ingawa hayuko zamu. Akakitikisa kibao kwa mikono miwili. Hakikucheza. Akahesabu hatua ishirini, akageuka, akaisoma namba kwa sauti, herufi kwa herufi. Watu wakapiga makofi. Akasema gari limehalalika.

Halali! Nimemwambia Swaleh apeleke mafuta yake ya kung'arisha namba kwingine. Kisha nikamwambia pikapu yake inahitajika kwa mashangazi. Akasema alijua, ameshaifagia.

Jumapili, 20 Septemba

Saa tatu asubuhi. Gari limepambwa. Dada yangu Ifrah, aliyefika jana kutoka Bura na sauti yake yote, akaja amtandikie bibi harusi kiti. Akafungua mlango. Akatazama ndani. Akatazama nyuma ya viti. Akauliza viti vingine viko wapi.

Viwili tu! Cha dereva na kimoja. Wiki nzima Garsen nzima imelizunguka gari hili na hakuna hata mmoja aliyehesabu viti. Na kwetu bibi harusi hatoki bila shangazi. Ifrah akasema basi Darmi apande pikapu na wenzake, mimi nitangulie peke yangu na kipande changu cha gari. Mila ni mila.

Darmi akafunua uso. Akasema Shangazi Ifrah, baba aliniahidi. Basi. Akaingia, akafunga mlango. Ifrah akapanda pikapu, lakini akamwamuru Swaleh asiachane na gari letu hata hatua kumi.

Tukaenda. Ndani ya gari hili unaona matairi ya magari ya watu tu. Darmi alinishika kiwiko tangu nyumbani. Kizuizini Koplo akasoma namba, akainua mti, akapiga saluti. Darmi akacheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka wanja ukamchirizika. Sijawahi kuwa na furaha namna ile. Hata siku za ng'ombe themanini.

Tuta la pili gari likakwama, tumbo juu ya tuta, magurudumu hewani. Mashangazi tisa wakashuka wakatusukuma kwa nyimbo. Tukaingia Minjila tukisukumwa. Bwana harusi, Sadik, hakuuliza kitu. Kijana mwenye adabu.

Jumatatu, 21 Septemba

Nyumba kimya. Abdia alimimina chai vikombe vitatu, akakitazama kimoja, akairudisha chai yake birikani. Tukanywa. Akasema mtoto alipendeza mle garini. Amesema! Yeye mwenyewe!

Habari nyingine ndogo. Jana nikirudi Koplo alinisimamisha. Namba ya mbele iko. Ya nyuma haiko. Iling'oka wakati wa kusukumwa, Ifrah akaiokota, akajipepea nayo harusi nzima, na alfajiri amerudi nayo Bura. Koplo amesema gari halipiti tena kizuizini bila namba mbili. Na siku ya saba Darmi anakuja kutuamkia. Abdia anasema tusubiri Ifrah atume kibao, au Swaleh amlete.

Subira ya nini? Nimepata jibu. Koplo anasimama mahali pamoja tu. Nikimjia, ataona namba ya mbele. Nikishampita, nageuza gari na kwenda Minjila kinyumenyume, namba ya mbele bado inamtazama. Ataniona ninakuja, ataniona ninakwenda, namba iko. Kibao kimoja, kazi mbili! Kwa nini Mtaliano hakulifikiria hili?

Nimejaribu rivasi uani leo. Banda la kuku litajengwa upya.

Salamu zimeshakwenda Minjila: Darmi asipande gari la mtu. Baba anakuja kumchukua. Nimeahidi.