Sinia la Refa

Alhamisi, 2 Septemba 1954. Kisarawe

Siamini. Kamati ya timu imeamua: Jumamosi tukifungwa tena na Mlandizi, kaka Kibwana anavuliwa ukapteni, anapewa Mfaume. Mfaume! Asiyejua hata kurusha mpira uliotoka nje. Na mama huniruhusu kwenda uwanjani kwa sababu moja tu, kwamba kapteni ni kaka yangu. Tangu nimalize shule sina pengine pa kwenda ila kisimani.

Najua ubaya ulipo. Ni kile kikao cha mapumziko. Refa, Bwana Abeid wa Ruvu, huwaita makapteni wote wawili kando awaonye juu ya rafu. Salehe wa Mlandizi ana maneno matamu. Kaka hutazama vidole vyake vya miguu. Kipindi cha pili penalti zote huwa za Mlandizi. Refa asionane na makapteni kabisa! Nilikwenda kuiambia kamati hivyo. Nilifika mlangoni, nikasema shikamooni, nikarudi nyumbani.

Ijumaa, 3 Septemba

Nimepata njia. Mgeni anayekula hasemeshwi mambo ya kazi. Kila aliyelelewa anajua. Basi refa atakula mapumziko yote. Nimemwambia mama kwamba Bwana Abeid hutoka mbali na hapewi hata maji. Mama ameona aibu kwa niaba ya Kisarawe nzima, akatoa jogoo. Sikutegemea jogoo.

Jumamosi, 4 Septemba

Tulikwenda mapumziko tukiongoza moja bila. Nikatandika mkeka nyuma ya goli, nikaweka sinia la wali na jogoo wa nazi. Refa akanawa, akaketi. Makapteni wakasimama mbali, kimya. Nusura nilie kwa furaha.

Ndipo Bwana Abeid akainua mkono. "Wanangu, nile peke yangu kama mchawi? Karibuni."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Wakaketi wote wawili, magoti yakigusana na ya refa. Kikao hakijawahi kuwa kirefu namna ile. Salehe alionja kidogo, akazungumza sana. Akamsifu refa, akamsifu jogoo, akaeleza jinsi mabeki wetu wanavyovuta jezi. Kaka yangu, kwa haya, hakusema neno. Alikula. Alikula paja, akala kidari, akakomba mchuzi.

Kipindi cha pili hakuweza kukimbia. Refa naye vilevile. Alisimama katikati ya uwanja akipuliza filimbi kwa kukisia. Penalti mbili za Mlandizi! Tumefungwa mbili kwa moja.

Njiani kaka aliniuliza, "Swaumu, nani alikutuma?" Nikasema hakuna. Akasema wali ulikuwa mzuri.

Jumapili, 5 Septemba

Mfaume ni kapteni. Mama akasema basi, uwanjani mwisho. Nililia mpaka adhuhuri.

Alasiri akaja Mfaume mwenyewe, akamwamkia mama, akasema refa ameagiza: mechi ya marudiano, yule binti apike tena. Mama akakubali. Nimeduwaa.

Nimefikiri sana. Mpango haukuwa na kosa ila kwenye vyombo. Sinia moja hukutanisha watu. Safari hii masinia matatu, mikeka mbalimbali, Salehe kule kwenye kona. Nimemweleza mama. Amesema kama ni masinia matatu, jogoo hatoshi. Atachinja mbuzi na kuialika kamati yote.

Vizuri zaidi. Kamati nayo ikiwa inakula, hakuna atakayesema neno.