Kuhusu Kuhesabiwa Kwangu Katika Ngoma ya Mwamkulu

Makanyagio, Mpanda
Julai 1976

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima ileile ninayowasalimia watu wengine wote, bila kukuzidishia.

Simu yako ya maandishi nimeipokea posta. Inasema: UPENDELEO UMEZIDI. ACHA KUANDIKA. ELEZA. Kuandika nimeacha, isipokuwa barua hii, ambayo ndiyo maelezo. Nimekuwa nikipeleka habari za wilaya hii tangu treni ya Kaliua ilipokuwa ikibeba madini ya mgodi, na sijawahi kuachishwa kalamu. Naomba nirudishiwe. Waraka wako juu ya kuandika bila upendeleo nimeubandika ukutani juu ya kitanda, na mke wangu Helena anaweza kuusema bila kuutazama. Yote yaliyotokea Mwamkulu yametokana na kuufuata.

Kwa kuwa hukai huku, nieleze kwanza desturi yenyewe. Wasukuma waliohamia Mwamkulu na ng'ombe wao hushindana ngoma baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Jaji hakuna. Watazamaji huenda wanakovutiwa, na jua likizama, kundi lenye watu wengi ndilo limeshinda, linapewa dume la ng'ombe. Lililoshindwa hutaniwa mpaka mavuno mengine. Mwaka huu kundi la mzee Lyamba, wanaocheza kwa kurusha majembe, lilikuwa upande wa magharibi. Kundi la Nyanda, wanaocheza na chatu, lilikuwa mashariki. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Waraka unasema tusikie pande zote mbili. Asubuhi ya ngoma chatu wa Nyanda alimmeza kuku wa Mama Katarina, mwenye nyumba ya jirani na uwanja. Nilimsikiliza Mama Katarina mpaka akachoka, na Mama Katarina si mtu wa kuchoka haraka. Kisha nikamwendea chatu. Niliandika: "Chatu alipotakiwa kutoa maelezo alikuwa amelala." Sentensi hiyo ofisi yako imeikata, ikabakiza ya Mama Katarina. Nani hapo ana upendeleo, Ndugu Mhariri? Kuku naye hakuhojiwa, nakubali, lakini hilo halikuwa katika uwezo wangu.

2. Waraka unasema kila upande upewe nafasi sawa gazetini. Nilimwandikia Nyanda aya moja kuhusu chatu wake. Lyamba hana chatu. Basi nikamwandikia aya ya urefu uleule kuhusu kutokuwa na chatu: kwamba hakuwa naye asubuhi, hakuwa naye mchana, na ilipofika jioni bado hakuwa naye. Lyamba alisomewa gazeti mbele ya wakwe zake, na sasa hanisalimii. Hayo ndiyo malalamiko ya kwanza uliyoyapata. Nimeyapata mimi pia, njiani, kwa sauti kubwa zaidi.

3. Waraka unakataza maneno ya sifa. Niliyatoa yote. Habari ya ngoma zenyewe ikabaki hivi: "Ngoma zilipigwa. Watu walikuwepo. Jua lilizama." Niliamini hakuna binadamu awezaye kukasirishwa na sentensi hizo. Nyanda alikasirika. Anasema jua lilizama nyuma ya Lyamba, na mimi kwa kulitaja nimempa Lyamba jua. Nilimweleza kwamba jua huzama magharibi kila siku, hata pasipo ngoma. Akanijibu kwamba asubuhi lilichomoza upande wake na sikuliandika. Hili nimelifikiria sana, na kweli sikuliandika.

4. Hapa ndipo penye uzito. Waraka unasema mwandishi asiwe sehemu ya habari anayoiandika. Nilipofika uwanjani nilisimama karibu na ngoma ya Lyamba ili nione majembe, na watu wa Lyamba wakashangilia kwamba wamepata mmoja. Nikahamia kwa Nyanda haraka ili nisawazishe. Wa kwake wakashangilia zaidi, maana wamepata mmoja na kumpokonya mwenzao. Nilimwendea Lyamba nikamwomba kwa adabu nisihesabiwe, kwa sababu mimi nipo kazini. Alinitazama kama anayetazama ndama mgonjwa.

"Bhebhe, wewe mwandishi," akasema, "hapa mwenye macho anahesabiwa. Hutaki kuhesabiwa, rudi Makanyagio ukalale."

Jambo hilo waraka wako haukuliona. Kwenye ngoma hii kutazama ndiko kupiga kura. Hakuna mahali pa kusimama ambapo si pa mtu. Pakabaki mahali pamoja tu: katikati kabisa. Lakini katikati ya kukisia ni upendeleo, kwa hiyo nilitafuta kamba. Ponsian, fundi baiskeli aliyenipakia kutoka mjini, alikuwa na kamba ya katani aliyofungia mizigo. Tuliivuta kutoka ngoma moja hadi nyingine, tukaikunja mara mbili, tukapata katikati. Nikasimama hapo na daftari langu, sikumtazama mtu, nikaandika.

5. Hakuna alama ya katikati inayokaa mahali pamoja. Wachezaji wa Lyamba walisogea mbele kidogo, nikalazimika kupima upya. Wa Nyanda wakasogea nao, nikapima tena. Ponsian alishika ncha moja, mimi nyingine, tukawa tunakwenda kulia, tunarudi kushoto, tunainama, tunakunja, tunainuka. Ponsian ni mwanakwaya wa parokia na hawezi kufanya kazi ya mikono bila kuimba. Aliimba ile ya Kilatini ya kuingilia misa. Sikumkataza, kwa sababu haikuwa ya upande wowote.

Bibi mmoja aitwaye Minza, ambaye watu wa pale humsikiliza, aliacha chatu akaja kusimama karibu nasi.

"Watu wazima wawili wanapima hewa," akawaambia wenzake. "Wana dawa hawa."

Nadhani unajua, au sasa utajua, kwamba katika ngoma hizi kila kundi hutafuta dawa ya kuvuta watu, na mganga akiwa mzuri, watu huja bila kujua kwa nini wamekuja. Ilipokwisha kusemwa kwamba kamba ni dawa, wakaja kuhakikisha kama itawavuta. Na walipokwisha kuja wakaona kweli imewavuta. Nilijaribu kuwakimbia ili nibaki peke yangu katikati. Wakakimbia nami, wakipiga makofi. Niliwatangazia kwamba sisi si ngoma bali ni gazeti. Wakaitikia, "Gazeti!", na Ponsian akapandisha sauti. Jua lilipozama (sisemi upande gani) kwa Lyamba walibaki wapiga ngoma, kwa Nyanda alibaki chatu, na kwetu walikuwa watu wengine wote, Mama Katarina akiwa mbele. Mwenyekiti wa kijiji akasema desturi ni desturi, akanikabidhi dume.

Kwa hiyo si kweli, kama Lyamba na Nyanda walivyokuandikia kwa pamoja, kwamba mwandishi wako amepeleka habari ya mashindano aliyoyashinda mwenyewe huku akiificha. Sikuficha. Sikutaja mshindi kwa sababu kumtaja kungekuwa kujisifu, na sifa umezikataza. Naongeza kwamba hao wawili hawajasemeshana tangu mavuno ya mwaka jana. Kama leo wanaandika barua moja, basi gazeti limeleta umoja, na hilo ningependa lichapishwe.

Ombi langu ni dogo. Upendeleo wote niliouona katika kazi hii unatokana na kosa moja, nalo ni kwamba mwandishi ni mtu. Akiwa mtu lazima asimame mahali, na akisimama mahali anahesabiwa. Naomba ofisi inipatie cheti chenye mhuri kinachothibitisha kwamba, nikiwa kazini, mimi si mtu. Kiwe cha kuning'inizwa shingoni. Helena amekubali, mradi kisitumike nyumbani. Nikikipata, nitasimama popote wilayani bila kumwongezea wala kumpunguzia yeyote, na naomba kalamu yangu irudishwe siku hiyohiyo.

Wasalimie wote ofisini, wanaonitetea na wanaotaka nafasi yangu, kwa kipimo kimoja.

Ni mimi mwandishi wako, nikiwa katikati,

Melkior Sikazwe

N.B. Cheti usihangaike nacho tena. Kabla sijafunga bahasha, Lyamba na Nyanda wamefika hapa nyumbani pamoja kudai marudiano Jumapili ijayo, na nimekubali. Ponsian amepata kamba ndefu zaidi, Helena ametushonea vitambaa vya kichwani, na dume tutaingia nalo likiwa na maua kwenye pembe. Kwa kuwa nitacheza, siwezi kuandika; tafadhali leta mwandishi mwingine. Aje akiwa mtu kamili, aje na jamaa zake kama anao huku, na umwambie mapema asimame kwetu. Nyanda amenunua chatu wa pili.