Wagonjwa Sitini na Watatu na Fomu ya Mwenyekiti

Kwa heshima na taadhima, umma wa Mtwara unatangaziwa kwamba ule Utafiti wa Hali za Wagonjwa wa Dharura wa mwaka 1972 umekamilika, tena umefana. Mimi ndimi niliyekuwa Katibu wa Kamati ya utafiti huo. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu huko Rahaleo wanaovumisha kwamba nilikuwa mbeba kalamu tu.

Suala lilikuwa zito: wagonjwa wanaokimbizwa chumba cha dharura hufika katika hali gani, na hutoka katika hali gani? Mwenyekiti wetu, Ndugu Gaudensi, aliitunga fomu kwa mkono wake. Swali la Kwanza: "Hujambo?" Pembeni pana kisanduku cha neno moja. Maelezo ya ziada aliyapiga marufuku, kwani wananchi, alisema, ukiwapa nafasi hawana breki.

Nikaketi mlangoni wiki tatu. Wa kwanza alikuwa Bibi Somoe wa Mikindani. Alikuwa akichoma korosho, mafuta ya maganda yakamrukia na kumbabua mkono mpaka kiwikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Ila huu mkono, mwanangu, uwii! Unawaka..."

"Inatosha, bibi." Nikaandika: Sijambo.

Akafuata Mzee Issa, aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, kabebwa na wanaume wanne juu ya kitanda cha kamba. Hajambo. Wale wanne nao hawajambo, ingawa hawakuulizwa.

Nesi Sabina, msimamizi wa chumba cha dharura, akanijia juu. "Katibu, hivi wewe umelelewa wapi? Mtu mwenye adabu zake akiulizwa hujambo atajibu nini? Hata kama anakata roho, kwanza hajambo, ndipo aseme anakufa!"

"Nesi, adabu haina kisanduku," nikamweleza kwa upole.

Matokeo yakatoka. Waliofika: sitini na wawili. Wazima: sitini na wawili. Waliopona: hakuna, maana mzima haponi. Kamati ikaazimia kwamba ifikapo Ijumaa chumba kifungwe, kiwe ofisi ya Kamati, na Nesi Sabina ahamishiwe stoo akahesabu mablanketi. Kifungu cha nne cha azimio kiliruhusu chumba kubaki endapo angepatikana walau mgonjwa mmoja, lakini hicho kiliwekwa kwa ajili ya kupendezesha karatasi.

Nesi Sabina alilia mbele yetu bila kujificha. "Mama akija na mtoto anayevuja damu, nimwambie nini?"

"Msalimie," akasema Mwenyekiti.

Ijumaa asubuhi Mwenyekiti akaja na futi kupima madirisha, apate kununua mapazia. Katika kutafuta takwimu, akatumbukiza mkono kwenye boksi la fomu, ambalo lilikaa chini ya meza wiki zote hizo. Humo tandu alikuwa amejipatia makazi.

"Mama yangu weee! Nakufa!"

Nesi Sabina akaja mbio na sindano. Akasimama. "Katibu," akasema, "utaratibu."

Mimi ni mtu wa sheria. Nikachukua fomu namba sitini na tatu.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti. Hujambo?"

"Hujambo kitu gani, baradhuli we! Naumwa!"

Neno moja lilitakiwa, na hilo la mwisho lilienea vizuri kisandukuni. Nikaandika: Naumwa. Nesi akamdunga sindano, akamfunga mkono, akamlaza. Yote hayo hayakuzidi dakika tano.

Taarifa niliipeleka kwa wakubwa siku hiyohiyo bila kupunguza hata nukta. Kati ya watu sitini na watatu, wazima sitini na wawili. Mgonjwa mmoja, naye ni Mwenyekiti wa Kamati.

Wakubwa wamejibu kwa barua yenye mihuri miwili. Wanatupongeza. Chumba kisifungwe, kwa kuwa mgonjwa amepatikana. Na kwa kuwa katika utafiti mzima ni yeye peke yake anayeumwa, basi Ndugu Gaudensi apumzishwe kazi mpaka Nesi Sabina atakapothibitisha kwa maandishi kwamba amepona.

Nimemuuliza Nesi atathibitisha lini. Anasema mgonjwa wa namna hii hataki kuharakishwa.